Nyumba ya Ndugu Haikaguliwi

Mtu akitaka kununua nyumba Maskati siku hizi, na akiwa na akili zake, humtafuta kwanza Ghaliya. Si kwamba yeye ndiye mkaguzi peke yake. Wapo wengine, na baadhi yao wana magari yaliyoandikwa majina makubwa ubavuni. Lakini Ghaliya ana sifa moja iliyomfanya apendwe na wanunuzi na achukiwe na madalali: haoni haya. Ataingia kwenye jumba la mtu mwenye cheo, avue viatu mlangoni, atoe salamu kama mtoto aliyefunzwa, kisha aombe kabati lisogezwe, zulia likunjwe na choo cha wageni kimwagwe maji. Mwenye nyumba akitaka kununa, na anune.

Kazi hiyo hakuianza ujanani. Alisomea uhandisi, akakaa ofisi ya serikali miaka mingi akipitisha michoro ya majengo ambayo mengine hakuyaona kwa macho yake hata siku moja. Alipostaafu mapema alikodi chumba mtaa wa Ghala, juu ya gereji, akanunua kamera ya kuonyesha joto la ukuta na kipima unyevu, akamwajiri Otieno, Mkenya mmoja fundi wa mabomba na plasta. Watu wake walimcheka sana. Mwanamke wa makamo, kaachika, hana mtoto, anakwenda kugonga vigae vya watu kwa kinyundo! Walicheka mpaka siku walipotaka kununua nyumba wao wenyewe.

Ana masharti matatu, na huyasema kwenye simu kabla hajatia mguu. Viyoyozi vizimwe tangu asubuhi, kwa sababu chumba kilichopozwa huficha unyevu. Makabati yawekwe mbali na kuta. Na la tatu, ambalo ndilo lililomgombanisha na nusu ya mabibi wa mji, kusifukizwe udi wala lubani tangu jana yake. Kumwambia mama wa Kiomani apokee wageni nyumba haijafukizwa ni kumwambia atoke mlangoni kichwa wazi. Ghaliya huwajibu kwamba hakuja kuposa, kaja kukagua, na anataka kuinusa nyumba ilivyo. Pua yake aliiamini kuliko kamera.

Visa vyote vya wiki alikuwa akivipeleka kwa Nunu. Hawa walikuwa ndugu wa ziwa moja. Nunu alipozaliwa, mama yake alishikwa na homa ya uzazi, maziwa yakakatika, na Bi Muhsina, mama yake Ghaliya, aliyekuwa jirani na aliyejifungua wiki chache nyuma, alimchukua yule mtoto akamnyonyesha pamoja na wake. Tangu hapo Nunu akawa binti wa nyumba ile. Alimwita Bi Muhsina "mama" mbele ya mama yake mzazi, na hakuna aliyeona ajabu. Ghaliya alipoachika, ni Nunu aliyekuja kulala naye wiki nzima bila ya kuuliza kitu. Ukimuuliza Ghaliya ana ndugu wangapi, atakwambia ana mmoja, na ni Nunu.

Basi kila Ijumaa baada ya sala, Nunu alikuwa akimimina kahawa, na Ghaliya akisimulia. Alisimulia juu ya bwana aliyepaka rangi mpya ukuta mzima ila akasahau nyuma ya mlango. Alisimulia juu ya bibi aliyepanga magodoro saba kuziba ufa. Kilichomchekesha Nunu kuliko vyote, mpaka kahawa ikampalia, ni kisa cha mtu wa Ghubra ambaye ukuta wake ulikuwa umelowa. Alibandika karatasi ya nailoni, akaweka juu yake ubao wa jipsamu, akapaka rangi, akasimamisha kabati mbele yake.

"Wallahi watu wana akili!" alisema Nunu akifuta machozi. "Na wewe ulijuaje?"

"Ukuta kama ule ukiugonga unalia mtupu. Lakini lazima uufikie. Lau asingekubali kusogeza kabati, hata mimi ningepitwa."

Alimweleza kwa raha, kwani nani hapendi kuulizwa juu ya kazi anayoiweza? Nunu alitikisa kichwa, akamwongeza kahawa.

Bi Muhsina wakati huo alikuwa bado Darsait, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mumewe kwenye mteremko wa mlima, nyumba nzuri lakini ya kupandwa kwa ngazi nje na ngazi ndani. Kifua chake kilikuwa kibovu miaka mingi. Ngazi zile alianza kuzipanda kwa kupumzika, kisha kwa kushikwa mkono, mwisho akawa hatoki tena. Daktari aliwaambia maneno mepesi kuyaelewa: bibi huyu akae chini, mahali pakavu, penye hewa. Ghaliya akaanza kutafuta nyumba, na kila aliyoiona aliitia kasoro. Mganga kweli hajigangi, lakini huyu alikuwa hata dawa haioni.

Ndipo Nunu alipomjia. Yeye na mumewe Samir walikuwa wamejenga Khoudh, na ile nyumba yao ya Mabela walikuwa wanaiuza.

"Nna jambo, na sitaki uniambie hapana," alisema. "Nyumba ile isende kwa mtu baki. Mama kaizoea, kila sikukuu anakula pale. Kile chumba cha chini kina choo chake, hakina hata kidato kimoja. Nikikitazama namwona mama."

Ghaliya alimkumbatia. Alikuwa amechoka kutafuta, na hapa nyumba imekuja yenyewe, imeletwa na mtu anayempenda. Kesho yake ofisini alimpa Otieno habari.

"Sawa, madam," alisema Otieno. "Tuende lini tuicheki?"

"Hatwendi. Nyumba ya ndugu haikaguliwi."

Otieno alimtazama, akacheka akidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha alisema, "Haya, ni wewe unajua watu wenu," akarudi kufunga makopo yake ya rangi.

Na kweli Ghaliya alikuwa anawajua watu wake. Katika jamaa hizi zilizotoka Unguja, mtu hula kwako, hulala kwako, hukwambia siri za ndoa yake, lakini ukienda kwake na kinyundo kugonga kuta kabla hujanunua, umemwambia mbele ya wote kwamba unamshuku. Habari itazunguka kabla jua halijatua. Watasema Ghaliya kampelekea mashine ndugu yake wa kunyonya. Wazee walisema ukimstahi mke ndugu huzai naye, lakini kusema ni rahisi. Mwanamke ambaye hakuona haya mbele ya wenye vyeo, haya zilimshika mbele ya Nunu.

Alikwenda kuitazama kama anavyokwenda mgeni. Nyumba ilikuwa imefukizwa udi tangu asubuhi, wingu zima, na viyoyozi vinanguruma. Hakushangaa, ndivyo Nunu anavyopokea watu siku zote. Alitembezwa juu, akatembezwa jikoni, wakaingia kile chumba cha chini. Kitanda kimetandikwa shuka mpya. Ukuta wa ndani, unaopakana na choo, ulikuwa umefunikwa na kabati la milango minne.

"Kabati nakuachia," alisema Nunu. "Zito mno kulitoa. Mama atie nguo zake."

Ghaliya alisimama katikati ya chumba. Chini ya ule udi pua yake ilinasa kitu, kidogo sana, harufu anayoijua. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye pembe ya kabati. Hakuliwahi. Nunu alikuwa ameshaingia na chetezo, anampepea moshi kwenye mtandio, kushoto na kulia, kama wafanyavyo wenyeji kumuaga mgeni. Waarabu wa huku husema baada ya udi hapana kukaa: ukishafukizwa, ziara imekwisha, unashukuru na kutoka. Ghaliya alishukuru akatoka. Ndani ya gari aliona haya kwa kumshuku Nunu hata kwa dakika moja, akaikemea pua yake.

Nyumba ya Darsait ikauzwa, ya Mabela ikanunuliwa, na Bi Muhsina na Ghaliya wakahamia, bibi na mito yake, redio yake na majaba ya achari. Siku ya kwanza alitembea mwenyewe kutoka kitandani mpaka uani na kurudi, akacheka kama msichana. "Mungu amjaze kheri Nunu," alisema, na akalisema hilo kila siku wiki ile. Ghaliya alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka.

Kikohozi kilianza kidogo kidogo. Walidhani ni vumbi, kisha wakadhani ni kubadili mahali. Lilipoingia joto na viyoyozi kuwashwa usiku na mchana, kikawa hakimwachi bibi kulala. Akapelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena. Daktari aliuliza kama nyumbani kuna unyevu. Ghaliya alijibu hapana, kwa sauti ya mtaalamu, akaulizwa mara ya pili na akajibu vilevile. Anayekaa ndani ya harufu huizoea, na hilo yeye mwenyewe huwafundisha wateja.

Safari ya kazi Sohar ndiyo iliyomfumbua. Alikaa huko siku kadhaa, aliporudi akaingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake kumsalimia, na pale mlangoni akasimama. Pua ilikuwa imepumzika, na sasa ilisema waziwazi. Alimbusu mama yake mkono, akamwambia atahamia sebuleni kwa muda kwa sababu kiyoyozi kinataka kufanyiwa kazi, kisha akampigia Otieno.

Otieno na mwenzake walilisogeza kabati kwa tabu. Ukuta nyuma yake ulikuwa mweupe, safi, rangi yake mpya kuliko kuta nyingine tatu. Ghaliya alichukua kinyundo chake akagonga, akagonga tena pembeni, kisha akampa Otieno.

"Madam, hapa ndani hakuna ukuta," alisema Otieno. "Kuna kitu wameweka."

"Vunja."

Alichoma bisibisi, akavuta, na ubao wa jipsamu ukatoka mzima mzima. Nyuma yake karatasi ya nailoni, imebandikwa kwa gundi kwa ustadi mkubwa. Nyuma ya nailoni ukungu mweusi kutoka sakafuni mpaka juu ya kichwa cha mtu, plasta imeoza inadondoka kwa kuguswa, na ndani ya ukuta bomba la maji machafu la choo cha juu, ambalo lilikuwa likivuja miaka. Sakafu chini yake ilikuwa imeanza kuzama. Chumba chote kilinuka hata yule mwenzake Otieno akatoka nje.

Ghaliya alikaa juu ya kitanda kitupu. Hakulitazama bomba, mabomba huvuja. Alikitazama kile kipande cha nailoni. Kisa cha Ghubra kilikuwa kimefanywa upya, hatua kwa hatua, kama alivyokisimulia yeye juu ya kahawa: nailoni, jipsamu, rangi, kabati. Na udi. Na viyoyozi. Alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe.

"Pole, madam," alisema Otieno, akaanza kuzoa vipande vya plasta.

Hakumpigia Nunu simu. Aliendesha mpaka Khoudh mchana ule ule, na nguo zake zina vumbi la plasta. Nunu alimfungulia kwa bashasha, akapiga kelele jikoni iletwe kahawa. Kahawa ikaja na halua. Ghaliya hakuinyanyua, na kwa watu wao kukataa kahawa ya mtu mbele yake ni tusi lisilohitaji maneno. Nunu alikitazama kikombe, akaelewa.

"Umeliondoa kabati," alisema.

"Nimeliondoa."

"Ghaliya, nisikilize. Samir kaishiwa. Nyumba hii ilikuwa imesimama haina hata madirisha, na ile haiuziki. Wakaja wanunuzi wawili, kila mmoja na mkaguzi wake, na wote wakakimbia. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

"Ningekwambia. Ningekuja kwako, wewe ndugu yangu, nikakwambia ukuta wangu umeoza. Ningekutengenezea bure, Nunu! Ndiyo kazi yangu!"

"Ungelitengeneza, na kila mtu angejua, na thamani yake ingeanguka."

"Kwa hiyo ukanitafuta mimi."

Nunu alianza kulia. Alilia kweli, si kwa kuigiza, na hilo lilimkera Ghaliya zaidi kuliko kama angekana.

"Nimtafute nani mwengine?" alisema. "Wote wangelikuja na wakaguzi. Ni wewe tu n'liyekuwa na yakini naye. N'lijua wewe hutonikagua."

Ghaliya alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa uongo na kwa visingizio, hata kwa kurushiana maneno, na kila jibu alikuwa nalo. Hili hakulitegemea. Mapenzi yake yote ya miaka arubaini na kitu, Nunu aliyachungua kama mtu anavyochungua mlango dhaifu, akapita hapo hapo.

"Na chumba kile," alisema, sauti inamkatika. "Ukaniambia ukikitazama unamwona mama. Unakijua kifua chake. Ungesema alale kingine!"

"Ungeniuliza kwa nini," alijibu Nunu kwa sauti ndogo.

Ghaliya alitoka bila ya kuaga. Njia nzima alikuwa akisema peke yake ndani ya gari, akimtukana Nunu kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, akijitukana na yeye. Aliapa kwamba leo mama yake atajua. Atajua yule aliyempa maziwa amempa nini badala yake. Itakuwa mwisho wa sikukuu za pamoja, na jamaa nzima wachague wako upande gani. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, akapiga usukani.

Bi Muhsina alikuwa sebuleni, ameegeshwa kwenye mito, anapumua kwa tabu lakini macho yako hai. Alikuwa ameyasikia yote ya kuvunja, na mwenzake Otieno, asiyejua la kusema na lisilosemwa, alikuwa amemshika mkono akampeleka kukiona chumba.

"Nimeuona ukuta," alisema bibi, Ghaliya hajakaa vizuri. "Ukungu mtupu. Hiki kifua changu hiki, kumbe huo ndo uliokuwa unakila!"

"Mama, nna la kukwambia."

"Maskini Nunu," alisema bibi.

Ghaliya alimgeukia.

"Kakaa na watoto wake humu miaka yote ile, na uoza ule uko ukutani, asijue. Na wewe mkaguzi mzima hukuuona, atauona yeye? Angelijua angekwambia siku ile ile. Yule hajui kunificha kitu, tangu mdogo." Alipumzika, akavuta pumzi, akaendelea. "Usende ukamwambia, Ghaliya. Atajiona yeye ndo kaniletea maradhi, hatolala. Unamjua moyo wake."

Ghaliya alikaa chini kwenye zulia, karibu na miguu ya mama yake. Maneno aliyokuja nayo kutoka Khoudh yalikuwa bado mdomoni, yote, kwa mpango wake. Aliyatazama yale mabega yanayopanda na kushuka kwa kazi ya kuvuta hewa, akafikiri: nikimwambia, nitamtoa mtoto mmoja, na sina wa kumpa badala yake. Hasira haikupungua hata chembe. Ilibaki nzima, haina pa kwenda.

"Sitomwambia, mama," alisema. "Kosa langu. Mimi ndiye sikukagua."

"Haya, yameshapita. Utatengeneza." Bibi alimpapasa kichwa. "Lakini mbona kaadimika siku hizi? Mpigie aje Ijumaa. Mwambie mama kakukumbuka."

"Nitampigia."

"Mpigie sasa hivi, usije ukasahau."

Ghaliya alitoka uani na simu mkononi. Aliketi juu ya mifuko ya saruji aliyoileta Otieno, akalia kama hajapata kulia tangu alipozikwa baba yake. Kisha akajifuta uso kwa mtandio, akampigia.